Kioo cha mbele: PVB ya kawaida, PVB ya kelele au EVA?

Mwana_Tanga: Wakuu, kioo cha mbele kimepata ufa hadi ukingoni, lazima nibadilishe. Duka moja wana chenye utando wa kawaida wa PVB, ile plastiki ya katikati ya kioo. La pili wana PVB ya kupunguza kelele, bei imechangamka. La tatu wananisukumia EVA, plastiki ya aina nyingine, eti huku pwani ndiyo inayohimili unyevu. Nichukue kipi?

FundiVioo: PVB, mkuu. Ni vioo viwili na utando wa kama milimita 0.76 katikati, vimeshikanishwa kwa joto na mgandamizo. Kichwa kikigonga, utando unavutika bila kuchanika na vipande vinabaki vimeng'ang'ania pale pale. Hilo la unyevu si uongo, PVB hunyonya maji. Tazama gari kuukuu chini kwenye pembe, utaona weupe wa maziwa na vipovu. Ila maji huanzia ukingoni, kwa hiyo ufungaji ni muhimu kuliko wanavyokwambia dukani. Fundi akija na silikoni ile inayonuka siki, mrudishe! Asidi yake inakula utando. Dai gundi ya urithani.

Dada_Safari: Mimi ninayo ya kelele. Ina tabaka tatu, la katikati laini zaidi, ndilo linalomeza mtetemo. Dar–Dodoma mwendo ukikolea unasikia tofauti, upepo unapungua na mnaongea kawaida. Kwa mizunguko ya mjini tu, baki na hela yako.

Mzee_Karakana: PVB zote mbili zinazuia miale ya jua inayobabua dashibodi, hapo usilipie ziada.

Mhandisi_K: EVA inahimili unyevu kweli, ndiyo maana imejaa kwenye paneli za sola. Kwenye kioo cha mbele swali ni je, kimepimwa? Kanuni ya 43 ya Umoja wa Mataifa inataka kioo kihimili tufe la chuma la kilo 2.26 likiangushwa kutoka mita 4 bila kupenya. Tafuta pembeni E ndani ya duara na 43R, au JIS, alama ya viwango vya Japani, kwa gari za huko. Hakina alama? Achana nacho, hata wakupunguzie nusu bei. Halafu, gari lako linaonyesha spidi kwenye kioo?

Mwana_Tanga: Hapana mkuu. Kwa nini?

Mhandisi_K: Hayo yanataka utando mnene juu, mwembamba chini. Ukiweka wa kawaida, namba utaziona mbilimbili. Wewe uko salama.

Mwana_Tanga: Basi PVB ya kawaida yenye 43R. FundiVioo, nikishafunga nisubiri muda gani kabla ya kuendesha?

FundiVioo: Soma kopo la gundi, kila moja ina muda wake. Na usiufunge mlango kwa kishindo vioo vingine vikiwa juu, hewa inakisukuma kabla gundi haijashika.