Naombeni ushauri: niwafundisheje vijana habari za Wahiti?

Mleta mada: Shalom wapendwa. Nafundisha darasa la vijana kanisani. Jumapili tulisoma Kumbukumbu 7, Waisraeli wanakatazwa kufanya agano na Wahiti, mojawapo ya mataifa ya Kanaani, au kuoana nao. Binti mmoja, ambaye familia yake imehamia kwetu mwaka huu na wenzake bado wanaicheka lafudhi yake, akauliza taratibu: "Mwalimu, kwa hiyo Mungu hapendi watu wa kabila lingine?" Nilikosa jibu. Limenikaa moyoni wiki nzima.

Mchangiaji wa kwanza: Mwalimu, nenda Mwanzo 23. Sara amefariki Hebroni na Abrahamu hana pa kumzika. Anawaendea Wahiti, wenyeji wa pale, anajitambulisha kuwa ni mgeni kwao. Anawainamia, si mara moja, mara mbili! Wanampa kaburi bure, anakataa kwa adabu. Anataka pango la Makpela kwa bei kamili. Efroni anataja shekeli 400 kana kwamba si kitu, naye anampimia fedha hiyo mbele ya wote waliofika langoni. Miungu yao hakuifuata, ila taratibu zao za kuuziana ardhi alizitimiza zote. Mimi ningekaa hapo nusu saa.

Mchangiaji wa pili: Sawa, ila usiruke pagumu. Kumbukumbu 7, mstari wa 2, unaamuru Wahiti waangamizwe. Vijana watauona tu. Esau naye alioa Wahiti wawili, wazazi wake wakaumia. Lakini mstari wa 4 unataja sababu ya katazo la ndoa: miungu mingine. Damu haikutajwa. Mwonyeshe huyo binti kwa kidole.

Mchangiaji wa tatu: Na Uria, askari wa mfalme Daudi, je? Mhiti mwenye jina la Kiebrania, "Yahwe ni nuru yangu". Daudi anamwambia aende nyumbani kwake akapumzike. Yeye analala mlangoni pa mfalme, maana sanduku la agano na wenzake wako vitani. Utakapogusia Hattusa, mji mkuu wa Wahiti kule Uturuki ambako Hugo Winckler alianza kuchimbua mabamba ya udongo mwaka 1906, kuwa mwangalifu: wataalamu bado wanabishana kama Wahiti wa Hebroni wana uhusiano na hao.

Mleta mada: Mbarikiwe sana. Jana usiku nimekuta Ezekieli 16:3, Yerusalemu inaambiwa mama yake alikuwa Mhiti. Nilisoma mara tatu. Natamani huyo binti ndiye atusomee Mwanzo 23 kwa sauti.

Mchangiaji wa pili: Muulize kwanza mkiwa wawili tu. Akisita, soma wewe.