Nina selimundu (SS) na nataka kubeba mimba: mliopitia, naombeni ushauri

Ua la Asubuhi: Habari zenu wapendwa. Nina miaka 29, ni SS, yaani nimerithi selimundu kwa baba na kwa mama, niko kwenye ndoa. Natumia dawa ya selimundu, haidroksiurea, tangu nikiwa chuo na krisisi (yale maumivu makali ya ghafla) zimepungua sana. Sasa tunataka mtoto. Mama mkwe kila akipiga simu anauliza habari ya mjukuu. Mama yangu mzazi ndiyo hataki hata kusikia, anasema nikibeba mimba nitamwachia msiba. Kuna aliyejifungua salama humu? Na dawa naiacha lini? Nilitaka niiache wiki hii. Msinitishe jamani, ila msinifiche.

Kaka Mpole: Dada, ya nini ujitese? Asili mtoto, maisha yaendelee.

Mama Wawili: Kaka, hajauliza hilo. Ua, mimi ni SS na wanangu wawili wanasoma. Sikudanganyi, haikuwa lelemama. Mwanzoni nilitapika mpaka nikakaukiwa maji, na sisi tukikaukiwa maji krisisi haiko mbali. Miezi ya mwisho maumivu yakarudi kwa nguvu. Ila kilichokaribia kuniondoa kilikuja baada ya kujifungua. Kila mtu anamshangaa mtoto, mimi nimelala kifua kinabana, homa, napumua juu juu. Nikajua ni uchovu wa uchungu. Muuguzi wa usiku akanibana kile kipimo cha kidoleni, oksijeni iko chini, wakaanza kukimbizana. Selimundu ilikuwa imeshambulia mapafu. Ukishajifungua usiseme umemaliza.

Mkunga wa Zamu: Ua, dawa usiiache wiki hii kwa uamuzi wako. Kwa kawaida huachwa kama miezi 3 kabla ya kushika mimba, ila kwa mpango na daktari wako wa damu, maana ukiiacha krisisi zinaweza kurudi. Mpaka mkubaliane, endelea na uzazi wa mpango.

Umesema usifichwe. Mimba ya SS ina hatari zaidi ya kifafa cha mimba, damu kuganda, mtoto kudumaa tumboni, kuzaliwa njiti, hata kufia tumboni. Na wapo akina mama tunaowapoteza. Pamoja na hayo, wengi wanaofuatiliwa kwa karibu hutoka salama na watoto wao.

Kabla ya mimba wakupime moyo, figo, macho na presha. Kama umewahi kuongezewa damu, waangalie kingamwili pia, zisije kumdhuru mtoto. Asidi ya foliki ya 5 mg anza mapema. Ila kama unaishi penye malaria, mwambie anayekupa SP, ile dawa ya wajawazito ya kuzuia malaria, kwa sababu foliki ya kiwango hicho huidhoofisha. Vidonge vya madini ya chuma visubiri kipimo. Aspirini ya dozi ndogo mara nyingi huanzishwa wiki ya 12, waulize. Diklofenaki na ibuprofeni usijinunulie, hasa mwanzoni na kuanzia wiki ya 20.

Halafu presha. Watu wa SS wengi presha yao iko chini, kwa hiyo 130/80 ambayo kwa mwingine wangeipita tu, kwako iulizwe. Andika ya kwako ya kawaida sasa hivi. Ujifungulie hospitali yenye damu ya akiba. Selimundu peke yake si sababu ya kupasuliwa.

Baba Kijacho: Mbona hakuna aliyeuliza jinotaipu ya mume, yaani kama ni AA (hana selimundu), AS (amerithi kwa mzazi mmoja tu) au SS?

Ua la Asubuhi: Hajapima. Anasema hajawahi kuumwa, kwa hiyo ni AA.

Baba Kijacho: Mimi ni AS na sijawahi kuumwa pia, nilijua baada ya kupima. Akiwa AA watoto wote watakuwa AS. Akiwa AS, kila mimba ni nusu kwa nusu, SS au AS. Mjue kabla.

Mama Wawili: Hapo umesema. Kila mtu anamkodolea macho mwanamke, kumbe nusu ya jibu iko kwa mwenzie.

Ua la Asubuhi: Nimemsomea uzi wote, amekubali twende akapime. Dawa naendelea nayo. Sasa mama yangu nimwambie nini?

Mkunga wa Zamu: Usimwambie kitu. Nenda naye kwa daktari, aulize mwenyewe yale yanayomnyima usingizi.