Blue Note ya mono: tarumbeta inapasuka mwisho wa upande. Sahani imeliwa au ni sindano?

mono_tu: Wakuu, nina LP mbili za albamu ileile ya Blue Note (kampuni ya rekodi za jazi), zote mono, yaani sauti ya chaneli moja. Zote zina muhuri wa RVG kwenye sehemu tupu kuzunguka lebo, ila moja tu ina alama ya sikio. Hiyo yenye sikio inang'aa kuliko mwenzake, lakini wimbo wa mwisho tarumbeta inapasuka. Sindano ni ya duaradufu, uzito gramu 1.8. Nitapimaje?

mfereji33: Kung'aa kusikudanganye mkuu. Sindano nzito au butu hula mfereji, ule mstari inamopita sindano, na uso ukabaki mzuri tu. Osha kwanza: maji yaliyokenekwa na matone machache ya sabuni ya maji, suuza, kausha, lebo isilowe. Kisha sikiliza. Uchafu hutoa "tik, tik" hata muziki ukiwa chini. Mfereji ulioliwa hupasua pale tu tarumbeta inapopanda au piano ikigongwa kwa nguvu.

Mwisho wa upande ndiko shida huanzia kwa sababu mzunguko ni mfupi: nje mfereji hupita chini ya sindano karibu sentimita 50 kwa sekunde, karibu na lebo kama 21. Mawimbi yaleyale yanabanwa kwenye nafasi ndogo. Sasa piga wimbo huohuo kwenye sahani ya pili. Ikipasuka nayo, rekebisha pembe ya katriji, kile kichwa kinachoshika sindano. Ikitoka safi, ya kwanza imeliwa.

besi_nzito: Kabla hujaitupa, jaribu sindano ya mviringo ya maikroni 25. Hukaa juu zaidi kwenye kuta za mfereji, na mara nyingine hukuta sehemu ambayo haijaguswa. Washa na swichi ya mono: muziki wa mono umekatwa kwa kwenda kando tu, kwa hiyo kinachosomwa juu-chini ni kelele.

Sikio ni herufi P ya kiwanda cha Plastylite, kilichochapa sahani za Blue Note kabla Liberty, kampuni iliyoinunua Blue Note, haijashika kazi mwaka 1966. RVG ni Rudy Van Gelder, aliyekata masta, sahani mama ambayo nakala hutokana nayo. Isiyo na sikio inaweza kuwa imetoka kwenye masta ileile, na ikiwa haijachezwa sana itaishinda ya kwanza. Bei ni habari nyingine. Lebo isikupe uhakika pia, Liberty walitumia lebo za zamani zilizobaki.

mfereji33: Angalia na tundu la sahani. Noti ndefu ya piano ikiyumba huku mkono unaobeba sindano ukicheza kushoto-kulia, tundu haliko katikati. Hapo sindano haina kosa.