Kupandikiza jino: CT ya taya iwe lazima?

Mnyalukolo: Wakuu, mama yangu mdogo alipandikizwa gego la chini kliniki moja hapa Dar. Daktari alitumia eksirei bapa tu, ile mashine inayokuzunguka kichwa. Mpaka leo mdomo una ganzi, chai inamchuruzika kidevuni hana habari. Kwa nini CT, ile picha ya kompyuta inayoonesha mfupa kipande kwa kipande, isiwe lazima kabla ya kutoboa taya la mtu?

Fundi Mchundo: Pole kwa mama. Ila daktari anayesubiri kompyuta imwoneshe pa kutoboa hajui kazi. Yule Mswidi Brånemark alianza kupandikiza skrubu za chuma cha titani kwenye taya miaka ya sitini, CT haijazaliwa, na watu wakala nyama.

Tabibu Meno: Ni 1965, na mgonjwa wake wa kwanza alikaa na vipandikizi zaidi ya miaka 40. Lakini mbinu ile ilikuwa ya mbele, kidevuni, ambako mshipa mkubwa wa fahamu umeshatoka nje ya mfupa. Kwenye magego unapita humo humo ndani. Eksirei bapa inaweza kukuza hata kwa robo: unasoma mfupa wa milimita 12.5 kumbe ni 10, na tunatakiwa tuache milimita 2 juu ya mshipa. Unene wa mfupa haioneshi kabisa. Kwenye CT nauchora mshipa kwa rangi, napitia kipande kwa kipande, nauona mfupa ulivyobonyea upande wa ulimi. Mwenye hela ya kipandikizi asibanie ya picha.

Mama Salha: Mwenye hela? Langu nimelilipia kwa mkopo wa kikoba, bado narejesha! Ndiyo maana tunawaogopa, mnatupima mfuko kabla ya mdomo.

Tabibu Meno: Dada, sikukusudia hivyo.

Mama Salha: Umeandika hivyo.

Kijana wa Rukwa: Na mkishaiweka iwe lazima, sisi wa huku? Nauli mpaka Mbeya, kulala, halafu picha. Tutaishia kung'oa tu kama kawaida.

Fundi Mchundo: Hapo sawa. Kila kipimo kipya ni bili mpya. Na mionzi nayo mmeinyamazia.

Tabibu Meno: CT ya meno kwa kawaida ina mionzi pungufu kuliko CT ya hospitali. Wewe uliyesema hatujui kazi, umewahi kushika taya la mtu?

Fundi Mchundo: Nimeshika la kwangu, na linauma. Usinihoji kama mwanafunzi wako.

Mnyalukolo: Jamani, mama yangu mdogo! Aliomba ile picha aende nayo kwa daktari mwingine, kliniki ikamkatalia, ati ni mali yao.

Mama Salha: Wamkatalie kwa sababu gani, si aliilipia yeye? Adai kwa maandishi, kaka. Hapo ndipo pa kuwabana.

Kijana wa Rukwa: Hilo naunga mkono. Kila mtu apewe picha yake kwenye flashi siku hiyo hiyo.

Fundi Mchundo: Mimi bado nasubiri tabibu aniombe radhi.