Naomba ushauri: nafanya kazi nyumbani, siku inaishia kwenye usafi

Habari zenu wakuu. Kila nikikaa mezani kufanya kazi, jicho linatua kwenye birika lenye magamba meupe ya chokaa. Nainuka. Hilo nimelipatia dawa: siki na maji nusu kwa nusu, nachemsha, naacha saa moja, magamba yanaachia kwa sababu asidi ya siki huyeyusha chokaa. Kisha nasuuza vizuri.

Shida ni kazi yenyewe. Nimejaribu dakika 25 za kazi na 5 za kupumzika, ila zile 5 nikishika ufagio zinakuwa 40, na ripoti inabaki aya mbili. Inaninyima usingizi kwa kweli. Wenye uzoefu, mnatenganishaje usafi na kazi? Nigeuze meza isitazame jikoni?