Wananchi washirikishwe vipi kabla mchoro wa mtaa haujapitishwa?

Mjumbe_wa_Mtaa (swali)

Wanajukwaa, salaam. Mimi ni mjumbe wa kamati ya mtaa katika mji mmoja wa Kanda ya Ziwa, na ninaomba uzoefu wa wale waliowahi kusimamia, au hata kulalamikia, ushirikishwaji wa wananchi katika mipango ya maeneo yao. Mtaa wetu unatarajiwa kupangwa upya: barabara mbili zitapanuliwa, mtaro wa maji ya mvua utahamishwa, na kiwanja ambacho vijana huchezea mpira na akina mama huanikia dagaa kimependekezwa kuwa maegesho ya magari.

Mara ya mwisho zoezi la namna hii lilipofanyika, gari la matangazo lilipita kutuita kwenye mkutano wa hadhara saa nne asubuhi, siku ya kazi. Mtaalamu alibandika mchoro ukutani, akaueleza kwa dakika ishirini, wazee watatu wakauliza maswali yao ya siku zote, karatasi ya mahudhurio ikazungushwa, na baadaye majina yale yakaambatanishwa kuwa ushahidi kwamba wananchi wameridhia. Mimi mwenyewe nilitia saini nikidhani ninathibitisha tu kwamba nilikuwepo.

Ninajua kwamba Sheria ya Mipango Miji ya 2007 inataka wadau wa eneo washirikishwe, kwa hiyo sitafuti kifungu cha sheria. Ninatafuta mbinu ya kuwafikia wasiofika mkutanoni: wapangaji, wauza samaki wanaoondoka alfajiri, na vijana wa bodaboda.

Mstaafu_wa_Maendeleo_ya_Jamii

Ndugu Mjumbe, nimefanya kazi hii vijijini kwa miaka mingi, na nilikuwepo wakati mbinu ya Fursa na Vikwazo kwa Maendeleo ilipoanza kutumika katika halmashauri zetu mwanzoni mwa miaka ya 2000. Tuliwagawa wananchi katika makundi ya wanawake, wanaume na vijana, kila kundi likachora ramani ya kijiji na kupanga vipaumbele vyake peke yake, kisha Mkutano Mkuu wa Kijiji, ambao kisheria ni wa wakazi wote waliotimiza miaka 18, ukajadili yote kwa pamoja. Kuwatenganisha watu lilikuwa jambo la maana kuliko tulivyodhani, kwa sababu mama aliyenyamaza mbele ya shemeji zake alieleza kwa undani, akiwa na wenzake, kwa nini kisima kilichopendekezwa kando ya kilabu cha pombe hakitatumiwa na wasichana.

Tulipokosea ni kwenye fedha. Hatukuwaambia watu kiasi kinachowezekana, nao wakaorodhesha zahanati, daraja, lambo na madarasa, orodha ikapanda hadi wilayani, na mwaka uliofuata tukarudi mikono mitupu kuwaomba watengeneze orodha nyingine. Mbinu hiyo ilipokuja kuboreshwa baadaye, msisitizo ulihamia kwenye shughuli ambazo jamii yenyewe imekwisha kuzianzisha, halmashauri ikiunga mkono badala ya kupokea maombi tu.

Kwa hiyo, kabla hujaita mtu yeyote, mwombe mtaalamu akuandikie ni mambo gani kwenye mchoro huo bado yanaweza kubadilika na ni yapi yamekwisha kuamuliwa. Ukiwaita watu wajadili upana wa barabara ambao hakuna aliye tayari kuupunguza, utakuwa umewapotezea siku.

Mkaazi_wa_Nairobi

Ndugu zetu wa Tanzania, mfano ulio karibu na swali hili ni Mukuru, mtaa wa mabanda hapa Nairobi, unaojumuisha Mukuru kwa Njenga, Mukuru kwa Reuben na Viwandani. Mwezi Agosti 2017 serikali ya kaunti ilitangaza kuwa ni eneo maalumu la kupangwa, na kwa sheria iliyokuwepo wakati huo ujenzi mpya ungeweza kuzuiwa kwa miaka miwili huku mpango ukiandaliwa. Tatizo lilikuwa ukubwa: kaya zilikuwa takribani 100,000, na baraza la chifu haliwezi kubeba watu hao.

Muungano wa Wanavijiji, yaani umoja wa wakazi wa mitaa ya mabanda, pamoja na washirika wake walilivunja eneo hilo vipande vipande. Kaya kumi zilifanya kikundi kimoja, vikundi kumi vikaungana kuwa kundi la kaya mia moja lenye wawakilishi wake, na makundi hayo yakaungana tena kuwa sehemu kubwa zaidi zilizokutana na wataalamu. Wataalamu nao walijigawa kwa sekta, wengine wakishughulikia maji na usafi, wengine nyumba, afya, elimu, fedha na sheria. Ninataka kutilia mkazo jambo ambalo hupitwa haraka: wakazi wengi mno wa Mukuru ni wapangaji, na kwa kuwa hesabu ilianzia kwenye kaya badala ya hati ya kiwanja, mpangaji wa chumba kimoja cha mabati alihesabiwa sawa na mwenye majengo aishiye mbali. Ukianza na orodha ya wamiliki, umekwisha kumpoteza mpangaji hata kabla ya kikao cha kwanza.

Suala la barabara ndilo lililoonyesha faida ya utaratibu huo. Vipimo vya kawaida vya upana wa barabara vingebomoa nyumba nyingi mno, na majadiliano na wakazi yalisaidia kupatikana kwa vipimo vyembamba zaidi katika njia za ndani.

Ukitaka mfano usio wa makazi duni, tazama Makueni, ambako majadiliano ya bajeti huanzia kwenye vijiji zaidi ya 3,000 na kupanda ngazi kwa ngazi hadi wadi 30 na kaunti yenyewe, na ambako kamati za wananchi hukagua mradi kabla mkandarasi hajalipwa.

Jirani_wa_Reli

Mkaazi wa Nairobi ameeleza vizuri, lakini amesahau nusu ya pili. Mwishoni mwa 2021 maelfu ya watu walibomolewa nyumba zao katika Mukuru kwa Njenga ili kupisha barabara ya kuunganisha, wakati mpango huo wa kushirikishana ulikuwa ukisifiwa kila mahali. Wananchi wanaweza kukubaliana na ofisi moja, ofisi nyingine ikaja na tingatinga.

Mkaazi_wa_Nairobi

Ni kweli, na sina utetezi.

Mchora_Ramani

Mjumbe, ninaongeza jambo dogo kuhusu ule mchoro uliobandikwa ukutani. Mwananchi wa kawaida hausomi, na si kwa sababu hana elimu, bali kwa sababu umejaa namba za viwanja ilhali yeye anaujua mtaa kwa mwembe, msikiti na duka la Mangi. Katika mradi wa Ramani Huria, ulioanza Dar es Salaam mwaka 2015, wanafunzi wa vyuo walizunguka na wakazi katika kata zinazofurika maji wakiweka kwenye ramani mitaro, vivuko na nyumba. Wakazi walionyesha hata maji yalikofika wakati wa mafuriko.

Chapisheni picha ya anga ya mtaa kwenye karatasi kubwa, muilaze juu ya meza sokoni jioni, si ofisini, na muwape watu kalamu. Kuhusu mtaro unaotaka kuhamishwa, mama anayechota maji sebuleni kila masika atawaeleza mkondo kwa usahihi ambao hamtaupata kwa ziara moja ya kiangazi.

Mjumbe_wa_Mtaa

Ninawashukuru nyote. Nimemfuata mtaalamu kama Mzee Mstaafu alivyoshauri, naye amenijibu kwa maandishi kwamba barabara kuu haibadiliki, lakini mkondo wa mtaro na matumizi ya kiwanja bado viko wazi. Hilo peke yake limebadilisha ajenda yetu. Wasiwasi wangu umebaki kwenye kaya kumi kumi: huku kwetu ukitaja nyumba kumi, watu wanamfikiria balozi wa chama, na wasio wa chama hicho hawatafika.

Mstaafu_wa_Maendeleo_ya_Jamii

Basi usitumie jina hilo wala mipaka yake. Wagawe kwa bomba la maji wanalochotea. Wanaochota pamoja wanafahamiana, na mpangaji na mwenye nyumba hukutana hapo na ndoo zao. Wauza samaki wafuate walipo, hata kama ni saa kumi na moja alfajiri. Kila kikao kiwe na mwandishi wake, na maoni yasomwe kwa sauti kabla watu hawajatawanyika ili waliosema wasahihishe. Halafu karatasi ya mahudhurio iandikwe juu kabisa, kwa herufi kubwa: «Saini hii inathibitisha kuhudhuria tu.»