PS4 ya mtumba, PS5 au Xbox Series S: mtu mzima nichukue ipi?

Mzee wa Kinyerezi:
Wakuu habari za jioni. Nina miaka 39, kazi ninayo, familia ninayo, na nimeamua kununua mashine ya gemu. Ni yangu, si ya watoto. Tangu enzi za mabanda ya PS2 sijashika pedi, ila kazini kuna jamaa kila Jumatatu stori zao ni gemu tu. Kuna mtu ananiuzia PS4 ya mtumba, mwingine ananivuta kwenye Xbox Series S, na roho inataka PS5. Nichukue ipi? Waliotumia watoe ushauri, matusi kaeni nayo.

fundi_pedi:
Mkuu, bajeti hujataja. TV hujataja. Intaneti hujataja, wala gemu gani unataka kucheza. Sasa tukushauri nini?

Kiwanja Kwanza:
Miaka 39 unatafuta gemu? Hiyo hela jazia uchukue kiwanja Chanika huko. Utakuja kunishukuru.

Mama Twins:
Kiwanja Kwanza, mwenzio hajaulizia ardhi. Wanaume wa umri wake wanamaliza wikiendi nzima baa na hakuna anayewatajia viwanja. Waliokuwa wanajazana kwenye mabanda mwaka 2002 ndio wenye mishahara leo, mlitegemea nani anunue hizi mashine?

Mleta mada, mimi nina miaka 36 na nakushauri kitu ambacho hujakitaja: Nintendo Switch. Nikishalaza watoto nacheza kitandani, TV namwachia baba na taarifa yake ya habari. Mtoto akilia nabonyeza kitufe inalala, kesho naendelea palepale nilipoishia. Kwa mtu mwenye majukumu hakuna inayoifikia.

fundi_pedi:
Switch ni nzuri lakini CD zake, zile kadi, bei zake hazishuki. Na mpira wa kwenye Switch haufanani na wa PS. Tusubiri mleta mada ajibu.

Mzee wa Kinyerezi:
Samahanini, nilikuwa barabarani. Bajeti ni milioni 1.2, nikijikamua 1.4. TV ni inchi 32, ina tundu moja la HDMI ambalo limekaliwa na king'amuzi. Intaneti natumia bando la simu. Nataka mpira, na zile za magari.

fundi_pedi:
Bando la simu! Hiyo ndiyo ilitakiwa iwe sentensi ya kwanza. Series S itoe kwenye orodha. Haina sehemu ya kuweka CD, kila gemu unalipakua, na gemu moja kubwa linaweza kumeza GB 100. Hifadhi yake inaandikwa GB 512 lakini zinazobaki kwa matumizi ni kama 364. Utashushia bando gani?

Kuhusu HDMI usiumize kichwa, kuna kidude cha kugawa, hakina bei.

Pwani_Xbox:
Nipo Mombasa, naitumia Series S na nyumbani nina faiba, sijaona tatizo. Ndugu yangu fundi hasemi kwamba ile mashine inakula wati 80 hivi ukicheza, PS5 inafika 200. Na ukiiweka kwenye hali ya watengenezaji programu, unapakia emuleta ya PS2, yaani programu inayoiga PS2, na kucheza gemu zote za utotoni. PS5 ukiitia CD ya PS2 haiisomi.

fundi_pedi:
Wati 200 kwa saa 5 ni uniti moja ya Luku. Mtu mwenye friji na pasi hawezi kuogopa uniti moja. Na hiyo faiba yako mleta mada hana.

Kaka Mende:
Ngojeni niongee kuhusu hiyo PS4 ya mtumba, maana naona hakuna anayeigusa.

Mwaka juzi nilichukua PS4 Slim kwa muuzaji mmoja wa mtandaoni, simtaji. Tukakutana dukani kwa mtu, akaiwasha, picha safi, tukacheza mpira dakika tano, nikalipa laki tano na nusu. Bodi inang'aa, na nyuma ina stika mpya kabisa. Nyumbani nikacheza nusu saa, feni ikaanza kunguruma kama mashine ya kusaga, kisha ikazima yenyewe. Nikaiacha ipoe, nikawasha, ikafika kipindi cha pili ikazima tena. Nampigia muuzaji, anasema umeme wako mdogo. Siku ya pili hapokei.

Nikapeleka kwa fundi. Alipofungua akaniita nije nione mwenyewe. Mende! Wakubwa, wadogo, na mayai, wamejipanga kwenye pawa saplai kwa sababu ya joto. Ile pasta inayokaa kati ya prosesa na chuma cha kupoza ilikuwa imekauka kama chokaa. Skrubu mbili tofauti, ya tatu haipo, na waya wa antena ya waifai umekatwa. Fundi akasema hii imetoka banda la gemu, imekaa inawaka kutwa nzima kwa miaka. Kusafisha na kubadilisha pawa saplai ikala laki na ushee.

Kwa hiyo kama unachukua mtumba, icheze saa nzima bila kuzima, gemu zito. Weka mkono nyuma usikie joto. Vuta CD itoke na kuingia mara kadhaa. Ingia kwenye akaunti yako ukiwa hapohapo. Chungulia matundu kwa tochi ya simu. Muuzaji akianza kukuharakisha, ondoka.

Kiwanja Kwanza:
Kiwanja hakiingii mende.

Mama Twins:
Kinaingia wanunuzi watatu wenye hati.

Baba Gari:
😂😂 Mleta mada, jikamue ufike PS5 yenye sehemu ya CD. Inacheza CD za PS4 pia, na hizo mtaani zinapatikana kwa kubadilishana. Gran Turismo 7, ile ya magari, ipo kwa zote mbili, ila gemu la GTA VI limetangazwa kwa PS5 na Xbox Series tu, PS4 haimo. Na usisubiri ishuke bei. Ilizinduliwa Marekani mwaka 2020 kwa dola 499, na badala ya kushuka imepandishwa.

fundi_pedi:
Aangalie asiuziwe PS5 Digital, ile isiyo na sehemu ya CD, akidhani kapata punguzo. Na duka la Sony halina Tanzania kwenye orodha ya nchi, kwa hiyo akaunti utafungua ya nchi nyingine na kununua kadi za salio za nchi hiyohiyo.

Mzee wa Kinyerezi:
Naelewa. Sasa mpira wenyewe, nichukue FC, ile iliyokuwa inaitwa FIFA, au eFootball?

Pwani_Xbox:
eFootball ni bure tangu 2021, na kucheza mtandaoni hulipii usajili. Unatafuta nini zaidi?

Baba Gari:
Anatafuta mpira! FC ilipoteza jina la FIFA mwaka 2023 lakini ligi inazo. eFootball ni kununua vikadi vya wachezaji.

Kaka Mende:
Zote takataka. Mpira uliishia Winning Eleven, lile gemu la mabandani, ya 2006, mshambuliaji Adriano akiwa Inter.

Mama Twins:
Adriano alikuwa uonevu. Banda la kwetu Inter ilipigwa marufuku, ukiichagua unalipia mechi ya mwenzio.

Baba Gari:
Sisi Inter ilikuwa ruksa ila Adriano anakaa benchi. Watu wakawa wanamwingiza dakika ya 80 kwa siri, ngumi zikalika.

Pwani_Xbox:
Mombasa tulimruhusu, mbona? Unamwekea beki wawili mguu wa kushoto, kwisha.

Kaka Mende:
Beki wawili? Anapiga toka katikati ya uwanja wewe unaongelea beki wawili. Weka timu yako hapa tuone kama ulicheza kweli.

Mzee wa Kinyerezi:
Jamani, yule wa PS4 anasema kuna mteja mwingine, nitume ya kushikia leo?

Pwani_Xbox:
Kipa Buffon, nyuma Thuram, Nesta, Maldini, na Zambrotta kulia. Haya, tuma Adriano wako.